Biubwa Haimbi Nyumbani

Biubwa binti Pazi alishuka kwenye lori pale Kisarawe bomani jua likiwa limeshainama, akashika njia ya kijiji cha Masaki kwa miguu. Kichwani furushi la kanga mpya, miguuni viatu vya kisigino ambavyo mchanga wa mikoroshoni haukuwa na habari navyo. Alikuwa anakwenda kumuaga dada yake, Mwanamkuu. Kuaga tu, basi.

Mjini Dar es Salaam jina lake lilikuwa halikauki midomoni mwa watu. Aliimba taarab, wanawake wakajisahau mpaka wakamtupia kanga zao jukwaani. Kisha akaugua homa, na homa ilipoondoka iliondoka na sauti. Akabaki na mkwaruzo kooni. Miaka mitatu alikaa ndani, na hodi zikapungua mlangoni mpaka zikaisha kabisa. Mwaka jana, watu walipokwisha kumsahau, sauti ikarudi. Tena ilirudi laini, changa, tamu kuliko mwanzo. Sasa Husseini, mkuu wa kikundi chao, alikuwa amepanga safari kubwa: Mombasa kwanza, halafu meli mpaka Bombei kurekodi santuri. Meli ya Mombasa ingeng'oa nanga Alhamisi.

Jambo moja tu liliwashangaza ndugu zake. Tangu arudie kuimba, hakuwahi kuimba Kisarawe hata mara moja. Na akifika kwao alinong'ona tu, eti anatunza koo.

"Shikamoo, dada," alinong'ona alipoingia uani.

"Marahaba, mdogo wangu. Koo bado tu?" Mwanamkuu alikuwa anamenya mihogo. "Utakwenda kuimba nini huko Bombei kwa koo hilo? Au Wahindi wanapenda kunong'onezwa?"

Biubwa alicheka kidogo. Nyumba ilinukia udi na moshi wa kuni. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na nyuma ya mlango ule alikuwapo Tatu, binti wa Mwanamkuu, mwali aliyewekwa ndani tangu avunje ungo. Mwali wa kwao haonekani na wala hasikiki. Akitaka maji hupiga makofi mepesi. Akitaka zaidi ya maji, humnong'oneza kungwi wake.

"Mwanao kanitoa kimasomaso," alisema dada mtu kwa fahari. "Mwali mwingine utamsikia akicheka humo ndani. Huyu hata kunong'ona hanong'oni! Mwaka mzima, wallahi, neno hajatoa. Kungwi wake, bi Mwanamvua, anasema tangu aanze kazi hii hajapata mwali mwenye adabu kama huyu."

Biubwa akashusha furushi chini taratibu.

"Na tunamtoa Ijumaa hii."

"Ijumaa?" Sauti nusura imtoke. Akaimeza. "Si mlisema mpaka korosho ziishe?"

"Wakwe wa Mlandizi wana haraka. Tutamkalisha mkekani mbele ya watu, afunuliwe, atoe salamu na kutaja jina lake. Hapo ndipo watu watamsikia. Nenda ndani ukamuage mwanao."

Hakutaka kwenda. Lakini angekataaje?

Chumbani giza lilikuwa limetangulia. Biubwa alisimama karibu na mlango, akasikia mkeka ukichakachaka... kisha vidole baridi vikamshika mkono. Tatu aliuvuta mkono wa mama yake mdogo, akauweka kooni pake mwenyewe. Koo lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Midomo ilikuwa inasema kwa nguvu zote.

Hakuna kilichotoka.

Hata pumzi yenye umbo la neno haikutoka. Biubwa aliunyakua mkono wake, akatoka nje akijifuta kwenye kanga, akamwambia dada yake kwamba mwali hajambo.

*

Biubwa aliijua sababu. Mwaka jana, alipochoka kukaa kimya, aliambiwa yuko bibi mmoja kijijini Gwata, anaitwa Biasha. Akamwendea.

"Sauti haitengenezwi, mwanangu," bibi yule alimwambia. "Huazimwa. Niletee nguo ya mtu ambaye sauti yake imelala."

Biubwa aliwaza, akampata. Mwali wa dada yake! Kimya ndiyo kazi yake kule ndani. Sauti anaihitaji ya nini? Ataazimwa asijue, atarudishiwa kabla ya kutolewa, na hakuna atakayepungukiwa. Aliichukua kaniki ya Tatu kwenye kamba ya uani, akaenda nayo. Wala hakujiona mwizi. Masharti yalikuwa mawili: asiimbe wala kusema kwa sauti mahali mwali anapoweza kusikia, na airudishe kabla ya siku ya kumtoa nje.

Basi kesho yake alipanda lori mpaka Mlandizi, akatembea hadi Gwata. Alifika adhana ya magharibi ikiisha.

"Hodi..."

"Karibu," alijibu mwanamume.

Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, ya mtu mwenye pumu. Biubwa alisita, kisha akainama kuingia. Ndani hapakuwa na mwanamume. Alikuwapo Biasha peke yake, amekaa kigodani, na ukutani nyuma yake vyungu vidogo vimepangwa mpaka darini, kila kimoja kimezibwa kwa nta. Chumba kilinuka nta, na nguo zilizoloa zikakaushiwa ndani.

"Usiogope," Biasha alisema. Safari hii sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Wenye sauti hizi hawakurudishiwa. Nazitumia mimi, zisioze."

Biubwa akaketi chini.

"Bibi, niongezee muda. Nikitoka Bombei nitairudisha, naapa."

Biasha alimsogezea chungu kitupu. "Imba humu. Imba mpaka iishe. Ijumaa mwali atasema."

"Na mimi?"

"Utakuwa ulivyokuwa."

Biubwa alikishika chungu. Akakileta mdomoni. Alimpenda Tatu, hilo halina ubishi. Alimbeba mgongoni angali mchanga, akamwimbia. Akafungua mdomo... na miaka ile mitatu ikamjia. Mlango usiobishwa hodi. Majirani wakipita dirishani wakisema, huyu ndiye yule aliyekuwa akiimba.

"Na nikivuka maji nayo?" aliuliza.

Biasha akacheka.

Vyungu vyote ukutani vikacheka naye.

"Ijumaa ina kazi yake," alisema, sasa kwa sauti ya msichana ambaye Biubwa hakumjua. "Sauti itaifanya kazi hiyo popote itakapokuwa."

Biubwa alikiweka chungu chini, taratibu, asikivunje. Kisha akatoka, na alipofika njiani akakimbia, viatu mkononi. Alhamisi alipanda meli.

*

Onyesho la kwanza Mombasa lilikuwa la wanawake, Ijumaa baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Husseini alipitisha upinde kwenye fidla, Biubwa akaanza, na ukumbi mzima ukahema kwa pamoja. Alikuwa amerudi! Miaka yote ile ya kusahauliwa ikamtoka mwilini, naye akaona alifanya vyema kusafiri.

Katikati ya ubeti, sauti ikasimama.

Biubwa hakuisimamisha. Aliisukuma kwa kifua, ikagoma. Fidla ikaendelea peke yake kidogo, ikanyamaza. Wanawake wakatazamana.

Kisha mdomo wake ukafunguka.

"Shikamooni," sauti ikasema, kwa upole, kwa haya. "Mimi Tatu binti Shomari. Nimetoka."

Vigelegele vikapasua dari. Walidhani ni mchezo umetungwa, mwimbaji amejifanya mwali! Wengine waliinuka kumtuza. Biubwa aliziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikapita katikati ya vidole.

"Mama, mbona hunitazami? Ni mimi ninayesema. Mama?"

Hapo vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mama mmoja wa mbele alimkumbatia mwanawe, akatoka naye mbio.

Tangu saa ile Biubwa hakuweza kusema neno lake. Akitaka maji, mdomo ulisema, "Mama, kuna giza humu." Hata aliponong'ona, mnong'ono ulikuwa wa Tatu. Husseini alimwita shehe amsomee, na shehe alipofika kati ya kisomo alisimama, akauliza nani huyo anayelia nyuma ya mlango. Meli ya Bombei iliondoka na mwimbaji mwingine.

*

Alirudi. Kabla ya pengine popote alikwenda Gwata, tayari kuimba ndani ya chungu mpaka damu imtoke. Alikuta mlango wazi. Vyungu vyote vilikuwa vimelazwa chini, vitupu, nta zimebanduliwa. Jirani aliyekuwa anapeta mpunga alimwambia kwamba bibi Biasha kasafiri, tena hakuaga mtu. Biubwa hakuthubutu kumuuliza swali.

Ikabaki Masaki. Njiani, akiwa nyuma ya wanawake wawili waliobeba kuni, alisikia habari zote bila kuuliza. Mwali alifunuliwa, akaambiwa atoe salamu. Akafungua mdomo, akafungua tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Neno halikutoka. Wakwe wa Mlandizi walikunja nguo zao wakaondoka kabla ya pilau, wakisema wameuziwa bubu. Mwanamkuu alimshika kungwi kanga akimuuliza, mwaka mzima, hukujua? Na bi Mwanamvua akalia, akisema alidhani ni adabu.

Biubwa alilia njia nzima. Aliamua kumwambia dada yake kila kitu. Kwa mikono, kwa kuchora mchangani, kwa njia yoyote. Apigwe, afukuzwe, atemewe mate. Lakini aingie ndani, aguse koo la mtoto yule, na huenda sauti ikamtambua mwenyewe ikaenda. Hilo tu ndilo tumaini lililomfikisha.

Giza lilikuwa linaanza kushika alipofika mlangoni. Taa ya kibatari ilionekana kwenye ufa wa mlango. Akabisha kwa ngumi. Akataka kusema, dada, ni mimi.

"Hodi, mama," ikasema sauti. "Nifungulie. Ni mimi, Tatu."

Ndani, sufuria ilianguka.

Kisha akasikia miguu ikija mlangoni, polepole, na nyayo nyingine nyepesi zikiburutwa nyuma yake.

"Tatu yuko hapa," alisema Mwanamkuu kutoka upande wa pili. "Nimemshika mkono. Wewe uliye nje na sauti ya mwanangu... wewe ni nani?"

Biubwa aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Jina lake alilijua. Mji mzima wa Dar es Salaam ulilijua. Alikusanya pumzi zote alizokuwa nazo, akafungua mdomo alitaje.

"Mama," ikasema sauti, "huyo uliyemshika si mimi."

Ndani Tatu, mkono wake umeachiwa, alianza kupiga makofi mepesi ya mwali, haraka haraka, bila kukoma.

Kisha komeo la mlango likaanza kusogea.