Wenye Fisi wa Mlima Nyakihanga

Jua lilikuwa limeshagusa mgongo wa mlima wakati Jenoveva alipomwambia mdogo wake, Lameck, wateremke kijitoni, wakawanyweshe farasi kabla giza halijawakuta.

Walishuka wawili na farasi watatu. Nyamhanga, mwongozaji wao, alibaki juu kambini akipuliza moto, maana kuni za mlima Nyakihanga zilikuwa mbichi na zilitoa moshi tu. Ilikuwa siku yao ya kwanza msituni. Alawi, mwenye hoteli mjini Musoma, aliwanunua farasi wale Arusha, akawa na ndoto ya kuwapandisha watalii milimani huku nyuma ya Butiama, walale kwenye mahema na kuamshwa na ndege. Kwanza alitaka watu wake walale huko siku tatu, waone njia, waone maji, waone kama wanyama watatulia.

Jenoveva alikuwa mtaalamu wa mifugo wa Kiabakari, ambaye watu wote walimwita daktari. Lameck alikuwa kitinda mimba wa kwao. Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa na miaka sita, na Jenoveva ndiye aliyemwogesha, akamchapa, akamsomesha, akamwona akikua mpaka akampita kimo. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mabega kama mlango, aliyefanya kazi miaka minne kwenye shamba la farasi. Huruma yake ilizidi akili. Hata kuku wa kuchinja alikuwa anawaomba radhi.

Farasi walitia midomo majini. Vyura walikuwa wanalia.

Halafu vyura wakanyamaza.

Jenoveva alisikia harufu kabla hajaona kitu. Harufu ya ngozi mbichi, ngozi iliyoachwa juani siku mbili bila kuwambwa. Akainua macho.

Ng'ambo ya kijito, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mwanaume wa makamo. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Lakini miguu... Miguu ilikuwa mitupu, imevimba, imepasuka nyayo, miiba imezama nyamani, damu imekauka hadi kwenye vifundo.

"Habari za jioni, wanangu," alisema kwa upole.

"Nzuri, mzee. Shikamoo," Lameck akajibu.

Mtu yule hakuitikia marahaba. Alitazama miguu yake. "Nimetembea sana. Miguu haitaki tena. Mnaweza kunisogeza hapo juu tu, kwenye moto wenu?"

Lameck akamgeukia dada yake. Jenoveva alitaka kusema hapana. Sababu hakuwa nayo. Ungemnyimaje mtu mwenye miguu kama ile? Akabaki amesimama, akimtazama.

Kijana akavuta hatamu za farasi mkubwa, yule mweupe, amvushe mtu. Farasi akagoma. Akarudi nyuma, masikio yamelala, macho yametoka, mwili mzima ukitetemeka. Akajikojolea pale pale. Wale wawili wengine wakaanza kukata kamba.

"Hawanizoei," mtu yule alisema. Kama anasikitika.

"Basi panda kwangu, mzee." Lameck alikuwa ameshavuka maji, ameshachuchumaa, ameshampa mgongo. "Si mbali. Nitakubeba mwenyewe."

Mtu yule hakupanda mara moja. Aliinama karibu na sikio la kijana.

"Umekubali mwenyewe?"

"Nimekubali, mzee."

Akapanda.

Walitangulia. Jenoveva alibaki nyuma akipambana na farasi, maana kila alipowavuta wasogee, walipiga kwato wakataka kugeuka. Aliliona shati jeupe likipanda mlimani kati ya miti, likayumba, likafifia. Alisikia pumzi za mdogo wake. Mwanzo zilikuwa za mtu anayebeba mzigo. Baadaye zikawa nzito, za puani, zenye mlio.

Alipofika kambini, Lameck alikuwa amesimama kando ya moto. Ameinama. Mikono bado ameikunja nyuma, kama anayeshikilia mapaja ya mtu.

Mgongoni hapakuwa na kitu.

"Yuko wapi?" Jenoveva akauliza.

"Nani?"

"Yule mzee, Lameck."

Kijana aligeuza shingo polepole. "Kwani ameshuka? Mbona bado namsikia uzito?"

Nyamhanga aliinuka kutoka kwenye moto, machozi ya moshi yakimtiririka. Alikuwa mtu wa mzaha. Safari nzima alikuwa akiwachekesha kwa habari za mkewe Flora na kichanga chao cha miezi minne kilicholia kama mbuzi. Sasa hakucheka. Alimvuta Jenoveva pembeni.

"Daktari, mmemkuta nani huko chini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye shati jeupe, Nyamhanga alishika kichwa.

"Mlima huu ulikuwaga na fisi wengi," alinong'ona. "Sisi tukiwa wadogo tulikuwaga tunawasikia wakipita usiku, na wazee wanatuambia msichungulie, hao wana watu mgongoni. Miaka ile ng'ombe walipoliwa sana, wafugaji wakatega nyama yenye sumu. Fisi wakaisha wote. Hata mmoja hayupo." Akameza mate. "Fisi wameisha, daktari. Wenye fisi hawajaisha. Tangu siku ile wanatembea kwa miguu."

"Na farasi?"

"Farasi kagoma, si umeona? Mnyama ana akili yake. Lakini mtu akikubali kwa mdomo wake..."

Akautazama mgongo wa Lameck.

Walitaka kushuka usiku ule ule. Lakini giza lilikuwa limeshajaa, njia ilikuwa ya mawe na makorongo, na farasi angevunjika mguu hatua ya kumi. Wakakubaliana wasubiri alfajiri. Jenoveva aliingia hema moja na mdogo wake, akamlaza upande wa ndani, yeye akalala mlangoni kama komeo. Akashika rozari. Aliapa hatafumba macho.

Hakufumba.

Usiku wa manane ile harufu iliingia. Ngozi mbichi. Jenoveva alitaka kupiga kelele, akakuta mdomo si wake. Mkono haukunyanyuka. Kidole hakikunyanyuka. Alikuwa macho, anaona, anasikia, amelala kama gogo lililokatwa. Zipu ya mlango ilishuka polepole...

Zzzz...

Lameck aliamka. Hakusimama. Alitambaa kwa viganja na magoti, akapita juu ya miguu ya dada yake, akatoka nje. Kwenye mwanga wa makaa Jenoveva aliona shati jeupe likishuka mgongoni mwake, likakaa vizuri. Aliona kamba ya ngozi ikipitishwa kinywani mwa mtoto aliyemlisha uji kwa mkono wake. Ikavutwa. Kichwa kikainuka.

Wakaondoka kwa kasi ambayo mtu hana.

Farasi hawakulia. Walikuwa wamegeuza vichwa upande mwingine, wote watatu.

Kulipopambazuka mwili wake ulifunguka. Lameck alikuwa amelala mahali pake, amejifunika blanketi, anakoroma. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Magoti hayakuwa na ngozi. Pembe za mdomo zilikuwa zimechanika, pande zote mbili.

"Nimeota nakimbia," alisema alipoamka. "Dada, nina kiu."

Akanywa maji ndoo nzima.

Walishuka mlima asubuhi ile bila hata kukunja mahema. Alawi aliposikia alikasirika kwanza, halafu alipoziona pembe za mdomo wa Lameck akakaa chini, akasema innalillahi, akaagiza farasi warudishwe Arusha wiki ile ile. Nyamhanga alirudi kwa Flora wake. Jenoveva akampeleka mdogo wake nyumbani Kiabakari, akiamini kwamba mambo ya mlimani yameachwa mlimani.

Usiku ule mtu yule alikuja Kiabakari.

Akaja na kesho yake. Akaja kila usiku.

Jenoveva hakuacha kujaribu kitu. Hospitalini walisema ni kifafa cha usingizini, wakampa vidonge. Padri alikuja na maji ya baraka, akasali kwa moyo, na kabla ya kuondoka alimshika Jenoveva mkono. Mganga mmoja wa Kisorya alipita mlango wa kwanza tu, akasikia harufu, akageuka na mkoba wake. Hakuomba hata nauli. Jenoveva alinunua kufuli mbili. Alimfunga Lameck kitandani kwa kamba ya kufungia ng'ombe dume. Aliwaita majirani wawili, wanaume wenye nguvu, wakeshe naye.

Saa ilipofika, majirani waligeuka magogo kama yeye. Asubuhi walitoka bila kuaga. Hawakurudi tena.

Na kamba ilikutwa imekunjwa vizuri, imewekwa mezani.

Kwa siku kumi na moja Lameck aliisha. Mabega yale yakawa mifupa ya ng'ombe wa kiangazi. Alianza kula amesimama. Alianza kushtuka mtu akipita nyuma yake. Siku moja Jenoveva alimwekea mkono mgongoni, kwa mapenzi tu, na kijana akapiga magoti mwenyewe, kimya, akasubiri.

Siku hiyo Jenoveva alilia mpaka akatapika.

Usiku wa kumi na mbili, harufu ilipoingia na mwili ukafungwa, hakuhangaika. Aliongea kwa moyo, maana ulimi haukuwepo.

*Mwache. Nichukue mimi.*

Hatua zilisimama.

Mtu yule alisogea kitandani kwake. Kwa mara ya kwanza Jenoveva alimwona kwa karibu. Uso wa kawaida kabisa, uso unaoweza kuuona mnadani. Miguu yake sasa ilikuwa laini, imepona, nyayo kama za mtoto mchanga.

"Wewe hukunibeba," alinong'ona. "Ulisimama ukanitazama."

*Nakuomba. Nakubali. Nakubali sasa.*

"Umechelewa, mama. Hata hivyo huyu amechakaa. Wiki moja tu imebaki kwake." Akainama. Pumzi yake haikuwa na joto. "Nipe mwingine. Jina tu."

Jenoveva alikataa. Alikataa kwa nguvu zake zote, akaanza Salamu Maria, akaishika sala kama mtu anayeshika jani la mgomba mafurikoni. Alijikataza kufikiri jina lolote. Lakini moyo ni ng'ombe mkaidi. Ukimwambia asiingie shambani, ndipo anapoingia. Waliokuwa mlimani walikuwa watatu. Mmoja ni yeye. Mmoja ni Lameck.

Hakulitamka. Mbele za Mungu, hakulitamka.

Lilipita tu kichwani, kama panya anavyokatiza chumba.

"Ahsante," alisema mtu yule.

Asubuhi Lameck aliamka saa tatu, akanyoosha mikono, akaomba ugali na samaki wadogo wa ziwani, furu wa kukaanga. Vidonda vilikuwa vimefunga. Alikula ameketi. Alicheka jambo fulani, kicheko ambacho dada yake hakuwa amekisikia tangu mlimani. Usiku hakuja mtu. Usiku wa pili hakuja mtu. Majirani walisema sala zimejibiwa, wakaleta kuku.

Jenoveva aliwashukuru. Hakuweza kumla kuku yule.

Mara kumi aliichukua simu amwonye Nyamhanga. Mara kumi aliiweka. Angemwambia nini? Kwamba afanye nini, afunge mlango? Na kama si kweli, kama lilikuwa wazo tu, kwa nini amtie mtu hofu bure? Hivyo alijidanganya siku tatu.

Siku ya nne, alfajiri, simu iliita yenyewe.

"Daktari? Samahani nakusumbua mapema hivi. Ni Flora, mke wa Nyamhanga."

"Habari, Flora." Sauti ilitoka kavu.

"Si nzuri, dada yangu. Mwenzangu hayuko sawa. Hii siku ya nne anaamka amechunika viganja. Na magoti. Na mdomo, hapa pembeni, umechanika kama mtu aliyevutwa na waya. Zahanati wametupa dawa ya kupaka, haisaidii. Nikasema wewe umesoma mambo ya vidonda, ingawa ni vya ng'ombe... Nimpake nini?"

Jenoveva alikaa kitandani.

"Daktari, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Yeye mwenyewe haongei sana. Ananywa maji tu." Flora alishusha sauti, kama anayeona aibu. "Ila amenituma nikuulize kitu. Mimi sikielewi, labda ni homa inamsemesha. Anasema wewe utajua."

"Anasemaje?"

"Anasema hivi... *Muulize daktari, mimi nilimbeba nani?*"

Uani Lameck alikuwa anachanja kuni huku akipiga mluzi, shoka likipanda na kushuka mikononi mwake yenye nguvu. Kwenye simu kichanga kilianza kulia, na nyuma ya kilio kile zilisikika pumzi za mtu mzima, nzito, za puani, zenye mlio.

"Daktari? Nimjibu nini?"

Jenoveva hakukata simu. Aliishikilia sikioni, akasikiliza, hadi salio la Flora lilipokwisha.