Michoro ya Vestine na Kompyuta Kuukuu

Vestine, mama yake Kirezi, alikuwa fundi wa kudarizi nguo za harusi huko mtaa wa Niboye. Michoro yake yote, kazi ya miaka mingi, ilikaa ndani ya kompyuta kuukuu. Nakala nyingine hakuwa nayo. Aliona nakala ya pili ni kumrahisishia mwizi kazi.

Asubuhi moja kompyuta ikamwonya: mfumo unaoiendesha umezeeka, haupati tena marekebisho ya usalama. Kwenye duka moja mjini wakamwambia aitupe, anunue mpya. Vestine akanuna. Hao wanatafuta mteja tu!

Jirani yake Shafiq, fundi wa kompyuta, akaja kumsaidia. Vestine akamtazama kwa jicho la pembeni. Zulfa, mke wa Shafiq, naye anadarizi. Je, huku si kumpa fisi bucha?

"Mama Kirezi, mashine iko nzima," Shafiq alisema. "Mifumo mipya mingine ni mizito, hii haiiwezi. Lakini upo mwepesi, wa bure, unapata marekebisho mpaka leo. Kwanza tunakili michoro."

"Ahaa! Hata kukaa hujakaa, unataka michoro?"

"Oya, hapana, nakili wewe. Mimi nageukia ukuta."

Akageuka kweli. Vestine akanakili kwenye flashi, huku amekinga kioo kwa kitenge.

"Fungua nakala, uone kama iko sawa," Shafiq aliuambia ukuta.

Ilikuwa sawa. Shafiq akachomeka flashi yake yenye mfumo mwepesi, akaiwasha kompyuta kutoka humo, bila kugusa vilivyomo ndani.

"Tunaonja tu. Ikikataa, tunazima."

Wakajaribu intaneti, sauti na programu ya kudarizi. Vyote vikakubali.

"Sasa nikiuweka wa kudumu, vya zamani vinafutika vyote. Niweke?"

Vestine akaikumbatia flashi yake ya michoro. "Weka."

Kioo kikawa cheusi. "Umenimaliza!" akapiga kelele. Kumbe kompyuta ilikuwa inajizima na kujiwasha. Ikarudi nyepesi, haigandi. Vestine akarudisha michoro yake, hakuna hata mmoja uliopotea. Aibu ikamshika.

"Shafiq, nilikudhania mwizi."

"Nilijua. Fundi akitaka kugusa mashine kabla hujaweka nakala, mnyime, hata nikiwa mimi. Lakini nakala moja haitoshi. Nyumba ikiungua, vyote vinakwenda. Nyingine iweke kwa mtu unayemwamini."

Vestine alifikiri usiku kucha. Asubuhi akanakili michoro yake kwenye flashi ya pili, akaenda kubisha hodi kwa Zulfa.

"Dada, niwekee hii," alisema.