Bwana wa Idara Nyingine

Chai yake haikupoa. Hilo ndilo la kwanza Mratibu aliloliona. Kikao cha kituo cha utafiti kilianza mchana, vikombe vyote vikapoa na kufanya utando, lakini cha yule bwana wa pembeni kilifuka mvuke mpaka watu wakawa wanakusanya makaratasi yao.

Kituo kile kilikuwa jasho la Mratibu. Ni yeye aliyezunguka idara moja moja, akiwabembeleza watu wa historia, lugha, uchumi na mila waketi meza moja badala ya kununiana kila mtu chumbani kwake. Binti yake alikulia chini ya meza hiyo. Hata sasa, masomo yakiisha, humpigia simu kuuliza, "Mama, unakuja kunichukua?"

"Yule bwana ni wenu?" Mratibu alimnong'oneza mwanahistoria walipokuwa wakitoka.

"Mimi najua ni wa uchumi."

Mchumi akasema ni wa lugha. Mtu wa lugha akasema ni wa mila. Wasomi bwana! Wako radhi kufa kuliko kukiri hawamjui mtu waliyekaa naye muhula mzima, wakiitikia kwa vichwa kila anachosema.

Mtaalamu wa mila ndiye aliyebadilika rangi. Miaka mingi alikuwa akiwahoji waganga na kuandika habari za majini kwa mbwembwe, mwenyewe haamini hata chembe.

"Siku ya kwanza alisimama mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimwambia karibu?"

"Mimi. Namwambia kila mtu karibu."

"Basi ndiyo hivyo. Hao hawaji bure, hutaka nafasi ya mtu. Muulize mbele ya wote anatoka idara gani. Akikosa jibu, ataondoka."

"Na akiwa nalo?"

"Hilo sikuwahi kuwauliza waganga."

Kikao kilichofuata mvua ilikuwa ikinyesha, chumba kikinuka udi ingawa hakuna aliyefukiza, na yule bwana alipovuta kiti hakikutoa mlio wowote, akaketi karibu na Mratibu kuliko siku zote, kikombe kikifuka mbele yake, na Mratibu alimtazama usoni na kugundua kwamba hawezi kuushika uso ule, kwamba akipepesa macho tu unamtoka kichwani.

"Samahani," alisema. "Wewe ni wa idara gani?"

Bwana yule akatabasamu. "Na wewe je, mama?"

Mratibu aliwageukia wenzake kwa kicheko cha woga, akingoja hata mmoja acheke naye. Wote walikuwa wakimtazama yeye, kwa ile adabu baridi wanayotazamwa nayo wageni. Mtaalamu wa mila alimwinamia mwanahistoria.

"Huyu mama ni wenu?"

"Mimi najua ni wa uchumi."

Alitaka kupiga kelele, amtaje kila mmoja na siku aliyombembeleza, lakini sauti haikutoka. Simu yake ikaita juu ya meza. Yule bwana akawahi kuichukua.

"Mama, unakuja kunichukua?"

"Nakuja, mwanangu," alijibu kwa sauti ya Mratibu. "Nisubiri hapo hapo getini."