Debe Moja la Maji Safi

“Chenu cheupe kama tui la nazi! Chetu kitazameni! Hata toroli haifutwi kwa kitambaa kama hiki!”

“Mnatuuliza sisi? Kaulizeni binti yenu!”

“Binti yetu gani? Zamu ilikuwa ya mtoto wenu!”

“Mtoto wetu kasema si yeye. Na hana tabia ya uongo.”

“Ala! Kwa hiyo wa kwetu ndiye mwongo?”

Lea alijibanza nyuma ya mama yake, kaishika ncha ya kanga kama mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto aliyekuwa akitetewa ndiye yeye. Na zamu, kusema kweli, ilikuwa yake.

Hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita, kwenye kambi moja ya mkonge nje ya mji wa Tanga. Banda la sala lilikuwa moja tu, na Wakristo walikuwa wa namna mbili. Wakatoliki walisali saa moja, wakatoka. Walutheri wakaingia saa nne. Mabenchi yale yale, meza ile ile. Kila upande ulikuwa na kitambaa chake cha meza, na vyote viwili vilikaa katika sanduku moja. Jumamosi msichana mmoja alifagia banda na kufua vitambaa vyote viwili. Wiki hii Lea, Mlutheri, binti wa Kishambaa. Wiki inayofuata Praxeda, Mkatoliki, binti wa Laurenti msukuma toroli. Wasichana hao walikaa mlango kwa mlango, na kwa miaka miwili mpango huo ulikwenda bila neno.

Jumapili hiyo ndipo kitambaa cha Wakatoliki, kile chenye msalaba uliodariziwa na masista, kilipotoka sandukuni na mabaka ya kijani na kahawia, kinanuka kama mkonge uliooza. Cha Walutheri kilikuwa safi. Mwalimu Tadeo, katekista wa Wakatoliki, alikitandika harakaharaka bila kukiangalia vizuri. Sala haijafika katikati, anajikuna mikono mpaka viwiko, utasema kapita kwenye upupu. Watoto wa benchi la mbele wakacheka. Yeye hakucheka.

“Mmefanya makusudi,” Tadeo alisema sasa, huku bado anajikuna.

“Mwalimu, tusifike huko,” alijibu Timotheo, mwinjilisti wa Walutheri, mtu mzima asiyependa kelele. “Watoto wenyewe wako hapa. Tuwaulize.”

Tatizo ni kwamba zamu zilikuwa zimechanganyika. Mwezi ule Praxeda aliugua homa, Lea akamshikia Jumamosi moja, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyejua ya nani ni ipi. Na Jumamosi yenyewe wazazi wa Praxeda walikuwa shambani kutwa, yeye kabaki nyumbani na mdogo wake mchanga. Hapakuwa na shahidi.

“Lea,” Timotheo aliuliza, “nani alifua jana?”

Watu wote wakamtazama. Mama yake akamtazama. Ulimi ukateleza wenyewe.

“Praxeda.”

“Lea! Mimi?”

Praxeda hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Tadeo akanyoosha kidole. “Sikilizeni. Jumapili ijayo padre anakuja. Watoto sita wanapokea komunyo ya kwanza, na Praxeda ni mmoja wao. Lakini mtu mwenye uongo mdomoni hawezi kupokea. Mpaka ukweli ujulikane, Praxeda atasubiri.”

“Atasubiri mpaka lini?” Laurenti aliuliza. “Padre akiondoka harudi mpaka miezi mitatu!”

Hapo ndipo watu walipoanza kusukumana. Mnyapara mkuu akaja mbio na filimbi yake. “Basi! Meneja kasikia makelele yenu mpaka barazani kwake. Anasema mpaka Jumatano jioni muwe mmepatana. La sivyo banda linafungwa, linatiwa magunia. Mtasali juani kama mbuzi.”

Sasa ukweli wa Jumamosi ulikuwa hivi. Lori la shamba lilikuwa linakwenda mjini saa nane, na mama aliahidi kumpeleka Lea Makorora kwa shangazi yake Elizabeti. Lea alikwenda bombani na debe saa saba unusu. Alikuta foleni ndefu kama treni. Alipata debe moja tu la maji, akaenda kufulia nyuma ya banda, hakuna aliyemwona. Akaanza na kitambaa cha Walutheri, maana ndicho cha kwao. Akakifua, akakisuuza mpaka kikang'aa. Akitazama debeni, maji yamekwisha.

Cha Wakatoliki bado kilikuwa na sabuni. Foleni ilikuwa haisogei, na lori lilikuwa limeshaanza kunguruma. Lea akakimbilia mferejini, nyuma ya korona, yaani kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge. Siku za kazi maji ya mfereji ule huwa kijani, na kila mtoto wa kambi anajua kwamba yanawasha. Lakini Jumamosi korona husimama saa sita. Utomvu unatulia chini, maji ya juu yanaonekana masafi kama ya kunywa. Lea akachovya, akasuuza, akakamua, akakunja kibichibichi, akakitupa sandukuni. Akawahi lori. Kwa shangazi akala vitumbua vinne.

Jumatatu, bomba la kambi lilikuwa moja, lakini foleni zilikuwa mbili. Wanawake wa Kikatoliki huku, wa Kilutheri kule, kila upande unasukumia debe lake mbele. Maji yalimwagika zaidi ya yaliyotekwa. Lea alimwona Praxeda anakuja na ndoo kichwani, akajifanya anafunga kata yake ya kichwani.

“Usijifiche,” Praxeda alisema. “Mimi sikupigi.”

“Sijajificha.”

“Haya. Wewe unajua. Mimi najua. Na Mungu anajua. Tuko watatu tu katika kambi nzima. Mungu hasemi na Mwalimu Tadeo, na mimi nimesema, siaminiki. Kabaki nani?”

Lea akazidi kukaza fundo la kata. Praxeda akateka maji yake akaondoka, na siku hiyo hawakwenda shule pamoja.

Jumanne mchana mama alimtuma Lea kwa Mwinyijuma, fundi cherehani, akachukue suruali ya baba. Mwinyijuma alishona kwenye baraza ya duka, kofia yake ya kiua kichwani, pini mdomoni.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Suruali hii hapa. Na hili gauni mpitishie mwenzio Praxeda. Si mko mlango kwa mlango?”

Lilikuwa gauni jeupe pe. Mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado.

“Halijakwisha, fundi.”

“Nimalizie nini? Laurenti kapita jana, kasema mtoto hapokei. Nguo si yangu, nairudisha.”

Lea alilipokea. Lilikuwa jepesi, lakini Lea alilibeba kama mzigo wa kuni.

Mwinyijuma akatoa pini mdomoni. “Walinionyesha kile kitambaa chenu. Mimi mtu wa nguo miaka thelathini, yale mabaka nayajua. Kimesuuzwa mferejini. Nani kakisuuza, hilo silijui, na sikuulizi.” Akakanyaga cherehani mara mbili tatu, akasimama tena. “Ila kuna neno linanitatiza. Mimi Mwislamu, ya kwenu siyajui. Lakini nyumba yangu iko nyuma ya banda lenu. Kila Jumapili nawasikia. Saa moja mnaambiwa mpendane. Saa nne, wengine nao wanaambiwa mpendane. Sasa huyo mnayeambiwa mumpende ni nani? Yuko Ulaya?”

Lea alikwenda nyumbani na suruali na gauni. Hakulipeleka lile gauni. Alilikunja, akaliweka chini ya mkeka wake, na Jumatano mchana, mama yake anapepeta mchele, akalitoa akaliweka mbele yake.

“Mama. Mimi ndiye niliyefua.”

Ungo ukasimama. Mama Lea akauweka chini.

“Nimekutetea mbele ya kambi nzima,” alisema. “Nimemwita mtoto wa mwenzangu mwongo.”

“Nisamehe, mama.”

“Mimi si wa kwanza kuombwa msamaha. Mdomo uliofunga ndio utakaofungua. Jioni utasema mwenyewe, mimi sikusaidii hata neno moja. Nitasimama karibu nawe, basi.”

Jioni watu walijaa bandani, Wakatoliki mkono wa kulia, Walutheri wa kushoto, katikati njia tupu kama mpaka wa Horohoro wa kuingia Kenya. Mnyapara alikuwa mlangoni na kufuli mkononi. Timotheo hajafungua mdomo, Lea akasimama. Mama yake akasimama karibu naye.

“Nilifua mimi. Nilisuuza mferejini kwa sababu nilikuwa nawahi lori. Praxeda hakugusa kitu. Nilimsingizia.”

Minong'ono ikaanza. Lea alikuwa hajamaliza, na lililobaki ndilo lililokuwa gumu.

“Na tena... nilikuwa na debe moja tu la maji safi. Nilijua halitatosha vyote viwili. Nikaanza na cha kwetu. Nilisema moyoni, cha wenzetu kitapata chochote kile.”

Hata wale waliokuwa wamejitayarisha kupiga kelele za ushindi walitazama chini. Wengi walikumbuka bomba la Jumatatu, na madebe yaliyosukumwa.

Tadeo alikuwa wa kwanza kusogea. Alivuka ile njia tupu, akapita mbele ya Lea, akaenda mpaka kwa Praxeda.

“Mwanangu, nilikuzuia kabla sijaujua ukweli. Nimekukosea. Jumapili utapokea pamoja na wenzako.” Kisha akamgeukia Timotheo. “Nawe, mwenzangu, nilisema mmefanya makusudi. Naomba radhi.”

“Na mimi nilikuwa na ulimi wa kuwatuliza watu,” Timotheo alijibu, “nikautumia kuhoji watoto. Tuko sawa.”

Laurenti akapumua, pumzi ya mtu aliyetua gunia. Mama Lea alikuwa ameshavuka upande wa pili, kamshika mkono mama yake Praxeda, na wote wawili walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja. Mnyapara akalitazama kufuli lake, akalitia mfukoni.

“Praxeda,” Lea alisema, “nisamehe.”

Praxeda alimwacha asimame kidogo. “Siku tatu chakula hakipiti. Siku tatu watoto wananiita mwongo.”

“Najua.”

“Nimekusamehe. Lakini ndimu za kutoa mabaka utakamua wewe. Zote.”

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Lea alikamua kweli. Jumamosi alikamua ndimu arobaini na mbili, na vidole vyake vilikuwa na michubuko ya kukata kuni, kwa hiyo kila ndimu aliisikia. Kitambaa kikatiwa ndimu na chumvi, kikaanikwa kwenye jua kali, kikasuuzwa, kikatiwa tena. Wanawake wa pande zote mbili walimpisha bombani, foleni ikiwa moja. Mara ya tatu mabaka yakaisha. Likabaki moja tu, dogo kama punje ya mtama, karibu na msalaba.

“Liache,” Timotheo alisema, aliyekuja kuwaangalia. “Linatosha kutukumbusha. Lea, na wewe Praxeda, sikieni. Bwana Yesu aliwaachia wanafunzi wake amri ya kupendana, kama yeye alivyowapenda. Hakusema mwanze na wa kwenu. Kumpenda wa kwenu kila mtu anaweza, hata kuku anapenda vifaranga vyake. Upendo unapimwa siku maji yakiwa debe moja. Siku hiyo, ukweli nao ukikuponyoka, urudishe mapema. Kadiri unavyokaa mfichoni, ndivyo unavyozidi kuwasha.”

“Kama maji ya korona,” Praxeda alisema.

“Kama maji ya korona. Muulizeni Mwalimu Tadeo.”

Jumapili, kabla ya saa moja, padre alikuwa ameshafika, na watoto watano walikuwa wamejipanga mlangoni na nguo nyeupe. Wa sita alikuwa Praxeda, na bado alikuwa na kanga. Lile gauni Lea alikuwa amelirudisha kwa fundi Jumatano ile ile usiku haujaingia, lakini fundi mwenyewe alikuwa haonekani. Praxeda alikuwa amekwisha anza kuuma kucha.

“Yule! Anakuja!” Lea akapiga kelele.

Mwinyijuma alikuja mwendo wa haraka, tepu ya kupimia bado iko shingoni, gauni kalibeba juu ya mikono yote miwili lisiguse vumbi. Mikono yote ya gauni ilikuwa imeshonwa, na pindoni kulikuwa na ua dogo ambalo hakuna aliyeliagiza. Lea akamsaidia Praxeda kulivaa nyuma ya mlango, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Alipotoka, Walutheri waliokuwa wamekuja mapema na birika za chai wakapiga vigelegele kuliko Wakatoliki wenyewe.

“Fundi,” Lea alisema, “ulikuwa umesema humalizii.”

“Nilisema hivyo Laurenti aliponiambia mtoto hapokei, nikadhani ile mpendane yenu ni wimbo tu.” Mwinyijuma alitazama banda, chai, na wale wanawake waliochanganyika mpaka hujui yupi ni wa saa moja na yupi ni wa saa nne. “Kumbe mnaijua. Ila mkigombana tena, mwaka kesho mtashona wenyewe.”

Akaivuta tepu yake shingoni, akaikunja, akageuka, akaenda zake.