Daktari wa Miguu ya Gari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliosha teksi ya baba yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alizungumza na ndoo, akazungumza na kitambaa, akazungumza hata na gari lenyewe. Kazi walikuwa wamegawana: baba aliangalia mafuta, maji na breki, na matairi alimwachia binti yake. "Mimi daktari wa moyo, wewe daktari wa miguu," alipenda kusema, na kabla ya kuondoka aliuliza, "Daktari, miguu inasemaje?" Chiriku akijibu kwamba ni mizima, baba alikwenda zake bila kuinama kutazama.

Kazi hiyo alikuwa amefundishwa vizuri. Alipitisha kidole kwenye mifereji ya tairi akitafuta vinundu vidogo vilivyomo ndani yake. Vinundu vikiwa chini, tairi bado lina maisha. Vikilingana na uso wa tairi, limekwisha, hata kama kwa mbali linapendeza. Alikagua ubavu kama una nyufa au uvimbe, kisha ukingo wa ndani, ambako tairi huweza kulika bila mtu kuona.

Muhula huo wote mama hakuwapo. Alikuwa kijijini akimuuguza bibi, mwendo wa nusu siku kwa gari, na baba aliahidi kumpeleka huko Chiriku na mdogo wake Jumamosi. Chiriku alimkumbuka mama mpaka kifua kikamuuma. Wakati mwingine alifungua kabati akanusa gauni lake, na kila siku harufu ilikuwa inapungua. Aliogopa itakwisha kabla hajamwona mwenyewe.

Alhamisi, akiosha gurudumu la nyuma, alihisi kitu kimemchoma kidole. Akachungulia. Ukingo wa ndani ulikuwa kipara kitupu, na nyuzi za waya zimetokeza. Alijua fika kitakachofuata. Baba hangesafiri na tairi kama lile, la akiba lenyewe lilikuwa bovu zaidi, na mara ya mwisho walisubiri majuma mawili mpaka tairi la saizi ile likapatikana. Aliingia ndani, akachukua rangi nyeusi ya viatu na brashi, akalipaka tairi mpaka likang'aa. Ili lisionekane peke yake, akayapaka na mengine matatu.

Baba alipouliza swali lake, Chiriku alijibu, "Mizima, baba."

Baba aliyatazama matairi akacheka, akasema leo gari limevaa viatu vya sikukuu. Siku nzima darasani Chiriku hakusikia kilichofundishwa. Teksi iliporudi salama jioni, alijiambia imebaki siku moja tu. Ijumaa nayo alijibu vilevile.

Jumamosi mizigo ilipakiwa mapema. Mdogo wake, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, alipanda kiti cha nyuma na picha aliyomchorea mama, akakaa upande uleule wa tairi bovu. "Njoo, dada," alisema. "Tunachelewa kwa mama."

Chiriku alibaki amesimama. Baba aliuliza swali lake la kila siku, hakupata jibu. Akageuka kumtazama, maana kimya cha mtoto yule hakikuwa jambo la kawaida.

"Si mizima, baba," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilijua tangu juzi."

Baba alizima gari. Alipapasa ukingo wa ndani wa tairi, akakaa palepale vumbini, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Jana nilimkimbiza mjamzito hospitali kwa tairi hili," alisema polepole. "Nilikwenda kasi, kwa sababu uliniambia ni mizima. Tairi kuisha si kosa lako, mwanangu. Matairi yote huisha. Ila ukilificha, mimi naendesha nimefumba macho, na watu wako nyuma yangu."

Hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuumiza Chiriku zaidi. Mizigo ikashushwa. Mdogo wake alilia mpaka akalala, naye Chiriku akaambiwa ampigie mama simu amweleze yote mwenyewe. Akaeleza, na mama akasema atasubiri.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Mara nyingi Chiriku alijutia kusema, kisha akamtazama mdogo wake akicheza, akaona haya. Hatimaye matairi yakapatikana, fundi akayafunga mawili ya nyuma, na safari ikaanza.

Mama alikuwa amesimama kando ya njia. Chiriku aliruka kabla gari halijasimama sawasawa, akamkumbatia kiunoni. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. "Nisamehe tumechelewa, mama," alisema tu.

Mama alimwinua uso. "Nilikukumbuka mpaka usingizi ukanikataa," alisema. "Lakini mtu anayekuja nitamngoja hata mwaka. Mngeondoka siku ile na tairi lile, leo ningekuwa namngoja nani?"

Chiriku alizidi kumshika, na mama hakumwachia.