Mchanga Chini ya Biskuti

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, nilifanya ukaguzi wa usafi nyumbani kwetu. Hakuna aliyenituma. Nasoma shule ya bweni huko Taita, ambako mimi ni kapteni wa usafi, na mtu aliyezoea kukagua vitanda arobaini na miguu themanini hawezi kurudi nyumbani Bofu akakaa tu kama mgeni.

Basi nilikagua, na karibu kila nilichokiona kilinitia kinyaa. Kulikuwa na unywele kwenye kikombe cha maji. Kulikuwa na kitambaa cha kufutia meza ambacho, kwa maoni yangu, kilistahili mazishi. Dada yangu Cheryl, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa na tabia ya kulamba mwiko na kuurudisha ndani ya bakuli. Nilimweleza kwa kirefu jinsi vijidudu vinavyosafiri kutoka kinywa kimoja hadi kingine. Alinisikiliza, kisha akaulamba tena.

"Bwana afya," Mama akaniambia, "ukimaliza kukagua, choo kinakungoja. Brashi iko nyuma ya mlango."

Ukaguzi ulikwisha hapo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, watoto wa Shule ya Jumapili ya kanisa letu hubadilishana biskuti. Wako kumi. Kila mmoja huleta biskuti alizozioka kwa mikono yake, humgawia kila mwenzake tano, na mwishowe hurudi nyumbani na mkebe wa biskuti za kila aina. Masharti ni mawili tu: uwe umeoka mwenyewe, na usile za wenzako kabla hujatoa zako.

Mwaka uliotangulia Cheryl hakujua kuoka. Alinunua pakiti dukani, akazitoa kwenye karatasi na kuzipanga vizuri kwenye sahani. Msichana mmoja aitwaye Lynnette alichukua moja, akaigeuza, akasoma kwa sauti jina la kiwanda lililochapwa mgongoni mwa biskuti. Watu walicheka hadi viti vikalia. Cheryl alirudi nyumbani na sahani yake ikiwa imejaa, na hakurudi Shule ya Jumapili mpaka Pasaka.

Kwa hiyo mwaka huu alijifunza. Alijifunza kwa Bi Zuleikha, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye huoka mikate ya mayai ya kuuza na hajawahi kumiliki tanuri. Njia yake ni ya zamani. Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga chini kadiri ya vidole viwili, unaitia jikoni mpaka mchanga uwe moto kabisa. Kisha unaweka sinia ndogo ya biskuti juu ya mchanga, unafunika, na kupalia makaa juu ya funiko. Moto unakuja kutoka chini na juu, na biskuti zinaiva bila kuungua. Kwa mwezi mzima Cheryl alioka, akaunguza, akalia kidogo, akaoka tena.

Asubuhi hiyo Bi Zuleikha alituazima sufuria yake, lakini mchanga wake ulikuwa umemwagika.

"Shikamoo, Bi Zuleikha," nilisema nikiipokea.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nisikize. Mchanga kachote kwa Jefwa kule anakojenga, ule wa mtoni. Usiniletee wa hapa uani. Umenisikia?"

"Naam."

Nilisikia vizuri sana. Masikio yangu hayana kasoro.

Kabla ya kuondoka niliyakagua makucha ya Cheryl. Nilimwamuru anawe mara mbili kwa sabuni. "Chakula cha watu kumi," nilimwambia, "si mchezo." Alinawa mara tatu ili anikomeshe.

Kwa Jefwa ni mwendo wa dakika kumi na tano kupanda mlima, na jua la Desemba lilikuwa limeshaanza kazi. Nilifika nyuma ya nyumba yetu na ndoo yangu, nikasimama. Pale kulikuwa na rundo la mchanga lililobaki mwenye nyumba alipojenga ukuta. Mchanga ni mchanga, nilijiambia. Ulikuwa laini na mkavu, na ulikuwa hatua nane tu kutoka nilipokuwa.

Ulikuwa pia choo cha paka wanne.

Sikuwa mjinga wa jambo hilo. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakifukua, wakichuchumaa kwa heshima zao na kufukia. Lakini nilikumbuka kwamba moto huua vijidudu, jambo ambalo hata mwalimu wa sayansi angekubali. Nilitwaa kijiti nikatoa vitu vitatu. Sitavieleza. Nilijaza ndoo, nikakaa kivulini dakika ishirini ili muda ulingane na safari, nikaingia ndani nikihema.

"Umetoka kwa Jefwa?" Cheryl aliuliza.

"Kwani ningetoka wapi?"

Mchanga ulipoanza kupata moto, ulianza pia kusema ukweli.

Harufu ilianza taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha ikaingia na kuketi. Ilikuwa harufu kali, yenye kuchoma pua, harufu ya mkojo uliokaangwa. Ilipanda kwenye nywele. Ilishuka kooni. Nilijikuta nikimeza mate na kujuta kwa kuyameza.

Cheryl alinusa bakuli. "Ni yai?" Akanusa siagi. "Au siagi imeoza?"

"Ni mtaro wa barabarani," nilisema. "Upepo umegeuka."

"Lakini nikifunua sufuria ndiyo inazidi."

"Basi ni makaa. Makaa mengine huwa hivyo."

Aliacha kuuliza kwa sababu aliniamini. Alifunga dirisha kuzuia upepo wa mtaro, na sote wawili tukabaki ndani na harufu ile. Alikata unga kwa kisu, akifuata umbo la nyota alilolichora kwenye kipande cha katoni, nyota nane kwa kila sinia, sinia sita. Kila alipofunua sufuria, chembe za mchanga ziliruka na kutua juu ya nyota. Alizipuliza moja moja. Nilitazama mdomo wake ukiwa karibu na zile chembe.

Saa sita na nusu biskuti arobaini na nane zilikuwa mezani, rangi ya dhahabu, pembe zake zimenyooka. Hakuna duka ambalo lingeona aibu kuziuza. Arobaini na tano zilikuwa za wenzake tisa. Tatu zilikuwa za ziada. Mama alipita akitoka kufua, akachukua mbili, akazila kwa chai akiwa amesimama.

"Umeweza, mwanangu," alimwambia Cheryl. "Zina ladha kidogo ya moshi, lakini ni tamu." Akarudi kwenye nguo zake.

Nilimtazama mama yangu mzazi akiondoka na zile biskuti tumboni.

Cheryl alininyoshea ya tatu. "Hii yako. Wewe ndiye uliyeleta mchanga."

Niliitazama. Kwenye ncha moja ya nyota kulikuwa na chembe ndogo nyeusi. Labda ilikuwa mchanga. Labda haikuwa.

"Jino linaniuma," nilisema.

"Jana ulitafuna muwa."

"Leo linauma."

Mkono wake ulishuka. "Sema tu unaona kinyaa," alisema polepole. "Nilinawa mara tatu, Fidel. Ulinihesabia mwenyewe."

Hapo kinyaa changu kilihama. Nilikuwa nimekielekeza kwa kikombe, kwa kitambaa, kwa mwiko, na kwa makucha ya watu. Sasa kilinigeukia mimi, na sikuwa na pa kukimbilia. Hata hivyo nilinyamaza. Nikisema, nyota zote zinakwenda kwenye shimo la taka, na Cheryl anakwenda kanisani mikono mitupu mbele ya Lynnette. Nisiposema, watoto tisa wanakula. Nilikuwa bado napima hilo wakati mlango ulipobishwa.

Alikuwa Mwalimu Purity wa Shule ya Jumapili, amekuja kuchukua viti viwili. Alikuwa na mwanawe Katana, mwenye miaka miwili, aliyekuwa ametanguliza mkono kabla ya salamu.

"Ni wewe uliyeoka hizi?" Mwalimu Purity alimwuliza Cheryl. "Peke yako?"

"Peke yangu," Cheryl alijibu, na sijawahi kumwona akisimama wima vile. Akaichukua ile nyota niliyoikataa, akainama, akaitia mkononi mwa Katana.

Mtoto akafungua kinywa. Kilikuwa na meno machache, meupe sana.

Nilirukia ile biskuti nikaipokonya. Katana alipiga yowe lililomleta Mama kutoka uani na Bi Zuleikha kutoka mlango wa pili. Watu watano, wakubwa kwa wadogo, walinikodolea macho, nami nimesimama katikati nimeshika nyota.

"Fidel," Mama alisema, "umempokonya mtoto chakula?"

"Si chakula," nilisema. "Mchanga haukutoka kwa Jefwa. Nimeuchota hapo nyuma. Pale kwa paka."

Bi Zuleikha alienda kwenye sufuria, akainama, akanusa mara moja tu, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Wallahi, tangu asubuhi nasema kuna mnyama amekufa," alisema. "Kumbe ni sufuria yangu."

"Mimi nimekula mbili," Mama alisema.

Alisema kwa upole mno, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa. Kisha alitoka nje haraka, na tukamsikia akisukutua kwa maji ya chumvi, akitema, akisukutua tena. Mwalimu Purity alikuwa anamfuta Katana kinywa, ingawa hakuwa amekula hata chembe. Cheryl hakulia. Alizitazama zile nyota, kisha akanitazama mimi, kwa macho ambayo mimi huyatumia kukagulia vyoo.

Mama aliporudi, hakupiga kelele.

"Saa saba kasorobo," alisema. "Unga umebaki?"

"Kidogo," Cheryl alijibu. "Wa kama ishirini."

"Anza kukanda. Fidel, wewe unajua kazi yako."

Niliijua. Nilizipeleka nyota shimoni, sinia baada ya sinia, na kuzifukia. Niliisugua sufuria ndani kwa majivu, kwa sabuni na kwa limau, na kila nilipodhani nimemaliza Bi Zuleikha alitia pua na kusema, "Bado." Mara ya nne alisema, "Haya." Nilikwenda kwa Jefwa, nikapanda mlima wote na jua lote. Nilirudi na ndoo kichwani, nikauosha ule mchanga mpaka maji yakatoka meupe, nikaukaanga mpaka ukakauka. Haukuwa na harufu yoyote. Sikujua kama mtu anaweza kufurahia kunusa hewa tupu.

Cheryl alioka nyota kumi na nane. Muda wote huo hakunisemesha.

Kanisani, watoto wengine walikuwa na mikebe iliyojaa. Cheryl alikuwa na sahani yenye biskuti mbili mbili kwa kila mwenzake.

"Mbili tu?" Lynnette aliuliza. Aligeuza moja, akatazama mgongo. Haikuwa na maandishi.

Mama alinisukuma bega. Nilisimama mbele ya wale watoto na mama zao, nikaeleza kwa nini ni mbili. Sikuacha kitu, hata kile kijiti. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alitema mate kwenye leso. Kijana wa nyuma aliuliza kama vile vitu vitatu vilikuwa vikubwa, akakatazwa na mama yake, ambaye alionekana kutaka kujua pia.

"Na hizi je," Lynnette aliuliza, "mchanga umetoka wapi?"

"Kwa Jefwa. Nimeuosha."

"Mara ngapi?"

"Tano."

Aliuma ncha ya nyota. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni tamu," alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Akamhesabia Cheryl biskuti tano zake, zote tano. Watoto wengine wakafuata. Kila mmoja aliniuliza mchanga umetoka wapi kabla ya kupokea, na kila mmoja nilimjibu. Nilijibu mara tisa. Cheryl aliondoka na mkebe wa biskuti arobaini na tano, na kifuniko kilikataa kufunga.

Njiani kurudi nyumbani, Mama alitembea kando yangu.

"Uvivu wako ningeusamehe kabla ya chai kupoa," alisema. "Kila mtu huchoka na jua. Lakini ulikaa kwa muda wa saa nne ndani ya harufu ile, ukamwangalia dada yako akihangaika, ukamwambia ni mtaro. Ukaniangalia mimi nikila. Usafi ni kumlinda mwenzako asidhurike, Fidel. Ukijua kitu kinachoweza kumdhuru ukanyamaza, hata ukioga mara kumi kwa siku, hujawa msafi. Na ukweli usemwe ungali mwepesi. Asubuhi ungekugharimu ndoo moja ya mchanga."

"Ndiyo, Mama."

"Na ulisema kabla mtoto hajala. Hilo pia nimeliona."

Cheryl, aliyekuwa mbele yetu na mkebe wake, alisimama akatungoja. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mchana.

"Jumanne namwokea Bi Zuleikha. Nataka mchanga mpya."

"Nitauleta," nilisema. "Kwa Jefwa."

"Tutaenda wote wawili," alisema. "Wewe utachota. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo, nikikutazama."