Muhula wa Usingizi

Delphine Broadnax alikuwa na njaa, na mwalimu wa uandishi mwenye njaa ni mtu wa kuepukwa. Ukumbi wa kanisa ulijaa pomoni kama kila Ijumaa ya mlo wa samaki upande wa kusini wa Milwaukee: makoti mazito juu ya migongo ya viti, wazee wakicheka na bia zao, watoto wakikimbizana chini ya meza, na harufu ya samaki wa kukaanga imeng'ang'ania hata kwenye nywele za watu. Nje ilikuwa Februari, na theluji ilikuwa imegeuka matope. Delphine, katika sweta lake la rangi ya haradali na hereni kubwa za shaba, aliizunguka meza moja baada ya nyingine na sahani yake mkononi mpaka akaona kiti kimoja, mbele ya mwanamume mrefu aliyevaa shati la buluu lililonyooshwa vizuri kwa pasi.

"Pana mtu hapa?"

"Pana koti tu," akasema yule mwanamume, akaliondoa.

Delphine akaketi, akatazama sahani yake. Samaki, kabichi, mkate mweusi. Viazi hakuna. Akainua macho, akaona karatasi imebandikwa ukutani.

"Hebu lione lile tangazo. 'Viazi vimechelewa kukaangwa.' Vimechelewa! Vilikuwa vinakuja kwa miguu? Nani kavichelewesha? Sentensi nzima haina binadamu ndani yake."

"Anayesoma anataka habari za viazi," akajibu yule mwanamume bila haraka. "Mpishi ana shida zake."

"Kwa hiyo unamficha."

"Namsitiri."

Delphine akacheka, kipande cha samaki kikamponyoka. "Wewe unayewasitiri wapishi, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha uuguzi." Akakitaja chuo.

"Acha utani! Chuo changu hicho. Miaka sita niko pale. Nafundisha uandishi, mwaka wa kwanza."

"Aa! Kumbe ndio nyinyi mnaowafundisha watoto kuandika 'nahisi'."

"Na nyinyi ndio mnaowafundisha kuandika 'ilionekana'. Ilionekana na nani, baba?"

Jina lake lilikuwa Conrad Nowicki. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaoa, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo lililomchanganya Delphine, kwani kwao mtu asiyekatizwa hujiona amepuuzwa. Viazi vilipofika, walikuwa wameshamaliza samaki na bado wanabishana.

Wiki iliyofuata Doris Pahl, mkuu wa uuguzi na mwenyekiti wa kamati ya masomo, alimwita Delphine ofisini. Chuo kilitaka kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ipangwe upya, muhula mzima, ili imfae kila kijana, awe anaelekea maabara, benki au jukwaani. Delphine angeandaa mpango pamoja na mtu wa taaluma nyingine. Kisha kamati ingepiga kura mwezi wa nne.

"Nimekupa Nowicki," Doris akasema akimtazama juu ya miwani. "Kajitolea mwenyewe. Miaka kumi na moja namjua, hajawahi kujitolea hata kufungua dirisha."

Wakawa wanakutana Jumamosi jikoni kwa Delphine, kahawa katikati. Siku ya kwanza waligombana kwa saa nzima. Delphine alitaka wanafunzi waanze na hadithi zao wenyewe. Conrad alitaka waanze kwa kutazama: mtu akae mahali, aandike alichokiona, asiweke neno la kwake.

"Watoto wa miaka kumi na minane, unawaambia wasijiweke? Watajiweka wapi sasa?"

"Wajiweke baadaye. Kwanza wajue kilichopo."

"Na wa historia?"

"Aulize nani alisema, na alikuwa na sababu gani."

"Na wa uchumi?"

"Ahesabu."

"Ndiyo maana kozi hizi zinakufa, Conrad. Wiki mbili hapa, wiki tatu pale. Mtoto anarukaruka kama panzi, mwisho wa muhula hajui alikuwa anasoma nini."

Conrad akazungusha kikombe chake. "Basi tusiwarushe. Tuwape kitu kimoja, wakae nacho muhula mzima. Taaluma ndizo zipite, kitu kibaki."

"Kitu gani?"

"Kitu wanachokijua wote. Darasa lako linaanza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Wanafanya nini saa mbili asubuhi?"

"Wanalala!" Delphine akapiga meza. "Usingizi! Mungu wangu, muhula mzima wa usingizi!"

Ndivyo mpango ulivyozaliwa. Kwanza mwanafunzi angemtazama mtu aliyelala, mdogo wake au babu yake, na kuandika alichokiona tu. Kisha angesoma wataalamu wa ubongo wanavyoandika. Kisha historia: watu wa zamani walilala vipi, na tunajuaje? Kisha uchumi: wa zamu ya usiku analipwa nini kwa usingizi wake? Ushairi wakauweka karibu na mwisho, na mwishoni kabisa kila mmoja angeandika la kwake, kwa namna atakayochagua, na kueleza kwa nini kachagua hiyo. Jambo moja Conrad alilisisitiza: aliyetazamwa aombwe ruhusa, na jina lisitajwe. "Kwetu hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Alichokuambia mgonjwa hakitoki chumbani."

Mapenzi nayo yakajipenyeza humo humo, bila mtu kuyapigia kura. Mwanzoni simu zilikuwa za kazi.

"Nimepunguza wiki ya sita," Delphine akasema jioni moja.

"Wiki ya sita ni yangu, mwizi wewe."

"Njoo uichukue basi. Nimepika maharage ya shangazi."

"Yale ya pilipili?"

"Yale yale, mpenzi. Njoo na maziwa yako ya kupoza ulimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Conrad akasema taratibu, "Naja sasa hivi," na alipofika alikuwa amesahau kuvaa soksi.

Jumapili moja ya Machi walikaa ndani ya gari wakitazama barafu ikipasuka ziwani. Hapo ndipo Conrad alipomsimulia habari za baba yake. Mzee alikuwa fundi wa kiwanda cha ngozi, akaanguka, akalazwa. Kila usiku wauguzi wa zamu waliandika kwenye jalada lake maneno yale yale: mgonjwa amelala vizuri. Usiku wa mwisho Conrad mwenyewe, muuguzi kamili, alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Alisoma yale maneno, akayaamini, akasinzia. Baba hakuwa amelala. Alikuwa anapoteza fahamu polepole, na hakuamka tena.

"Mama anadhani niliondoka mapema usiku ule," Conrad akasema. "Sijawahi kumwambia nilikuwepo. Sijamwambia mtu yeyote."

Delphine alimshika mkono mpaka vioo vya gari vikaingia ukungu.

Siku ya kura ilifika, na mambo yakaenda mrama. Bwana Oyler wa uchumi, mtu wa tai nyembamba na maneno machache, alikuja na mpango wake: wiki nane za sarufi kwenye kompyuta, mashine isahihishe, basi. Vichwa vikawa vinaitikia kuizunguka meza.

"Uandishi ni chombo," alisema. "Kijana ajue mahali pa kuweka nukta. Hayo mengine, usingizi sijui nini, ni mchezo. Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu ya sentensi."

Delphine alihisi damu imempanda. Alimwona Conrad upande wa pili wa meza, katika shati lile lile la buluu. Alimwona, na akasema.

"Baba yake Conrad alikufa kwa sentensi."

Akaeleza yote. Maneno yaliyonakiliwa usiku baada ya usiku. Kiti kando ya kitanda. Mwana aliyesoma, akaamini, akasinzia. Alieleza vizuri, maana ndiyo kazi yake. Kura zikapigwa, mpango ukapita. Hata Oyler aliinua mkono.

Alipogeuka kumtafuta Conrad, kiti kilikuwa kitupu.

Alidhani ameitwa wodini kwa wanafunzi wake. Alipiga simu mara tatu, ya nne ikapokelewa.

"Tumeshinda, mpenzi! Uko wapi? Nakuja na—"

"Doris anasali kanisa moja na mama yangu."

"Conrad…"

"Wanakaa benchi moja, Delphine." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilikupa wewe. Sikuwapa wao." Simu ikakatika.

Delphine alimpigia shangazi yake Verlene, aliyemlea, mwanamke ambaye hakuwahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Lakini shangazi, nilikuwa nautetea mpango wetu. Wake pia!"

"Mwanangu, umeshinda kwa jeneza la baba wa mtu."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Nia yako siijui, wala yeye haioni. Anachokiona ni watu wa chuo wanamtazama kwenye korido. Usinililie mimi. Huna deni kwangu."

Asubuhi Delphine alikwenda kwa Doris Pahl kumwomba asilitoe lile neno nje. Doris alivua miwani.

"Binti, mimi ni muuguzi tangu hujazaliwa. Yaliyosemwa mezani kwangu yamefia mezani. Aliyeyatoa chumbani ni wewe."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Akashuka ngazi, akaenda mpaka jengo la tatu, akamkuta Conrad anapanga vitanda vya mazoezi. Hakuketi.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Nilikuwa nashindwa, nikachukua kitu chako nikakitupa mezani. Na sikukusahau. Nilikuona umekaa pale, na bado nikasema. Naomba radhi. Doris hatasema, nimemwomba. Ukitaka mpango uondolewe, nitauondoa leo."

Conrad alilaza shuka, akalinyoosha pembe. "Nilidhani utasema ulipitiwa."

"Ningekuwa naongeza uongo."

"Mpango ni mzuri. Uache." Akahamia kitanda cha pili. "Mimi sijui. Nipe muda."

Akampa. Aprili yote iliyobaki hakumpigia. Aliendelea kuandaa muhula peke yake, kila wiki na kazi zake, na alipofika wiki ya sita aliirudisha kama Conrad alivyoitaka, ingawa hakuna ambaye angejua. Jioni alikula wima jikoni. Shangazi alipouliza, alijibu, "Nangoja," na shangazi, kwa mara moja maishani, hakuongeza neno.

Katikati ya Mei, miti ya kando ya barabara imeshachanua, simu ililia.

"Nimemwambia mama," Conrad akasema, bila hata hodi.

Delphine akaketi sakafuni palepale. "Akasemaje?"

"Aliweka kijiko chini. Kisha akasema: 'Mimi usiku ule nilikwenda nyumbani, nikavaa gauni la kulalia, nikalala kitandani kwangu. Kama wewe una hatia, mimi niitwe nani?' Miaka tisa, Delphine. Miaka tisa kila mmoja anabeba wake, tunakula chakula cha Jumapili." Akavuta pumzi. "Usidhani nakushukuru. Ningemwambia kwa wakati wangu."

"Najua."

"Pengine nisingemwambia kamwe. Lakini ilikuwa haki yangu nisimwambie."

"Ilikuwa haki yako."

Ikasikika sauti ya Conrad akivuta kiti.

"Bado nina hasira kidogo," akasema.

"Kiasi gani?"

"Cha kukufanya uoshe vyombo. Mama anataka kukuona Jumapili."

Delphine alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu na akaziacha zile hereni kubwa nyumbani. Stasia Nowicki, mama mfupi mwenye mikono ya kazi, alimfungulia mlango na kumkagua kuanzia viatu.

"Nimeambiwa una mdomo."

"Ni kweli, mama. Umeniponza."

"Mm." Bibi akamsogezea kiti na kipande kinene cha keki. "Keti. Nyumba hii ina watu wanyamavu mno."

Conrad alikohoa kwenye leso, na mpaka vyombo vinaoshwa, Delphine ndiye aliyekuwa akisimulia na mama akimkatiza kila mara, jambo lililomfurahisha Delphine kupita kiasi.

Muhula ulianza mwanzoni mwa Septemba. Conrad alikuja kulitazama darasa la kwanza, akakaa nyuma. Vijana walipoambiwa watasoma usingizi muhula mzima, mmoja aliuliza kama kulala darasani ni utafiti, na binti mmoja wa mstari wa mbele akasema anaye wa kumtazama: mama yake, anayetoka zamu alfajiri na kulala na viatu miguuni. "Muombe ruhusa kwanza," Delphine akamwambia, na hakuangalia nyuma, lakini masikio yake yalimwaka moto.

Baadaye walitoka, wakakaa kwenye ngazi za jengo na kahawa ya vikombe vya karatasi. Wanafunzi waliwapita kushoto na kulia. Conrad alikuwa amefunga tai, jambo ambalo Delphine aliliona tangu asubuhi na hakulielewa.

"Delphine. Nikikwambia jambo, utaliweka?"

"Nitaliweka. Sitamwambia mtu, Conrad, naapa."

"Nataka tuoane." Akageuka, mwekundu mpaka shingoni. "Hili waweza kumwambia unayemtaka."

Delphine Broadnax, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoanza kusema, alifungua mdomo, akaufumba. Akaegemeza kichwa chake begani kwa Conrad, akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku kahawa ikimwagikia gauni lake na yeye wala hana habari.

Alipopata sauti, aliitoa simu.

"Shangazi," akasema. "Keti kwanza."